Uso wa Nahar

Mwanangu Nahar hakuwa msemaji. Tangu utotoni alipenda kutazama mbali, kule ambako joto huifanya ardhi ionekane kama maji, na mara nyingi alisimama hivyo mpaka ngamia wakamwacha nyuma. Wenzake walimwita Mwota Mchana. Lakini alizijua njia za kati ya Riyadh na Taif kisima kwa kisima, na alipokuwa mtu mzima, mwenye mke, wasafiri walimtafuta awe rafiki yao wa njia.

Katika kabila letu la Utaiba mgeni havuki nchi peke yake. Hutafuta mtu wa kabila, na mtu huyo husema, "Yuko katika uso wangu." Basi. Mgeni akifika salama, uso wa rafiki yake ni mweupe, heshima yake imesimama. Akiuawa, rafiki wa njia hana budi kumlipizia kisasi, hata kama muuaji ni ndugu yake. Asipofanya hivyo, bendera nyeusi husimamishwa mbele ya hema lake na hakuna atakayekunywa naye kahawa tena.

Miaka ile Mwingereza alikuwa anapigana na Mturuki, na aliwataka watawala wetu wamsaidie. Tabu ni kwamba wao kwa wao hawakuaminiana. Sharifu wa Makka alijiita mfalme wa Waarabu wote, na mtawala wa Riyadh hakutaka hata kulisikia jina hilo. Wote walipokea dhahabu na bunduki za Mwingereza, kisha wakaketi wakitazamana. Sisi tuliishi katikati. Katika ukoo mmoja, huyu alikuwa wa Makka na yule wa Riyadh.

Siku moja, jua likiwa juu, niliona ngamia wawili wakielea kwenye joto, hawana miguu, kama watu wa ndotoni. Mmoja alikuwa Nahar. Wa pili alikuwa Mwingereza, pua imembabuka, joho letu limemkaa kama nguo iliyoanikwa mtini. Alitoka Riyadh, anakwenda Makka kuwapatanisha wakubwa.

Nilimchinjia mbuzi, lakini moyo haukutulia. Asubuhi ile kisimani mke wa Faihan alikuwa amenivuta kando. Faihan ni mtoto wa shemeji yangu, na ni mtu wa Riyadh kabisa. Mkewe aliniambia mumewe ameapa kwamba kafiri yule hatafika Makka na dhahabu yake.

Nilimnong'oneza Nahar wakati anakaza tandiko. Nilimwambia amwachie mgeni huyo mtu mwingine. Alinitazama kama mtu anayeamshwa.

"Mama, nimeshasema," akajibu.

Wakaondoka kuelekea magharibi. Mimi nikabaki na sinia lao. Wali ulikuwa umebaki, na nyama nzuri tu, maana Mwingereza alikula kidogo. Desturi ni kwamba kinachobaki tunakula sisi wa ndani. Nilimwambia mkwe wangu asiguse. Nilikuwa nimeshaona vumbi upande wa mashariki.

Walikuwa watatu: Faihan na wenzake wawili, Shabib na kaka yake Shabib, wenye bunduki mpya. Faihan alitaka kupita bila kushuka. Nikaishika hatamu.

"Unapita hema la baba yako mdogo kama mwizi wa mbuzi?"

"Mama mdogo, tuna haraka."

"Njaa pia ina haraka. Mtazame Shabib, shavu limeingia mpaka jino linaonekana kwa nje."

Shabib akacheka na kushuka, na aliyebaki juu angeonekana adui. Nilikuwa nimelisawazisha sinia na kulimwagia samli ya moto. Mwaka ule mvua ilitunyima, hakuna aliyeuliza nyama inatoka wapi. Walikula, nami nilihesabu kila tonge likishuka kooni, kama mama anayelisha mgonjwa.

Walipolamba vidole, nikasema, "Sinia hilo alianza kulila mgeni wa Nahar. Sasa chumvi yenu na yake ni moja."

Faihan akageuka rangi. Chumvi humfunga mtu asimdhuru aliyekula naye, mpaka chakula kimtoke tumboni. Akainuka, akaenda nyuma ya hema, akatia kidole kooni. Tulimsikia. Akarudi macho mekundu, akawaambia wenzake nao wafanye hivyo.

Shabib alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mimi sitapiki. Nyama hii nimeiota tangu mwaka jana. Mwambie mtawala wako aje aitoe mwenyewe."

Kaka yake akajilaza kivulini. Faihan akapanda ngamia peke yake, akaingia kwenye yale maji ya uongo, akawa mrefu, akawa mwembamba, akatoweka.

Yaliyofuata aliniambia Nahar, siku aliporudi. Kesho yake walimwona Faihan pembeni, mbali kidogo, risasi isikofika, akienda nao sambamba mchana kutwa, bunduki mapajani. Nahar naye aliweka yake tayari, akiwaza jinsi atakavyompiga ndugu yake. Lakini jua lilikuwa kali, na Faihan tumbo lilikuwa tupu. Akaanza kuyumba. Mwisho akalala shingoni mwa ngamia, bunduki ikaanguka.

Mwingereza akamwahi kabla ya Nahar. Alimpa maji, akamtilia tende mkononi, naye Faihan akala, moja baada ya nyingine, akilia.

"Alijua ni tende za nani?" nikauliza.

"Alijua, mama. Alinitazama akiwa anatafuna."

Kuanzia hapo wakawa watatu njiani. Faihan aliwasindikiza mpaka mgeni alipopokelewa na watu wa Sharifu. Mwingereza alidhani ni askari aliyetumwa kumpokea, akamshukuru sana.

Kule Makka sijui walisema nini. Nasikia hawakupatana. Nahar alilala hemani mwangu siku ile aliporudi, mchana, mdomo wazi kidogo kama alipokuwa mtoto. Nilimfukuza nzi usoni, kwa upole, nisije nikamwamsha.