Kamshafti ya Kupandia Kilima, Songea Hadi Tunduru

Nilikwenda Tunduru kwa ajili ya kilima kimoja, ng'ambo ya Namtumbo. Mara mbili nilifika pale na mke wangu, Mama Fide, nyuma ya pikipiki yangu kubwa ya safari, na mara mbili injini iliishiwa pumzi. Yeye akashuka, akapanda kwa miguu huku abiria wa basi wakimpungia mikono. Fundi wangu wa Songea alifungua injini akanionyesha kamshafti, kile chuma chenye matuta kinachofungua valvu. Matuta yalikuwa yamelika. Kamshafti za kuongeza nguvu, alisema, ziko kwa Mzee Saidi wa Tunduru, ambaye hamtumii mtu kipuri kwa basi. Lazima uende ukishike mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Songea na mabegi mawili na kiroba cha mahindi cha dada yake Mama Fide, aliyeolewa Tunduru.

Kilimani, mambo yakawa yale yale. Alipofika juu, akajifuta vumbi, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Baba Fide, kurudi nikishuka tena, mimi ni mtu wa basi."

Tunduru tuliingia saa nane mchana. Baada ya shikamoo, Mzee Saidi alinitandikia kamshafti mbili juu ya kitambaa cheupe, kama wanavyotandika mawe ya thamani mji ule. Basi na mimi nikazichagua kama jiwe: nikaziinua kwenye mwanga, nikatazama mng'aro na ukubwa. Moja ilikuwa na matuta marefu, nyingine mafupi kidogo, na bei ilikuwa moja. Nani anaacha chuma kingi kwa bei ile ile? Nikaikumbatia ndefu, na kwa kubembeleza nikapata na gasketi ya bure juu yake. Nilijiona mjanja mpaka kwa fundi.

Fundi wa pale alikuwa Mwanaidi, binti wa Mzee Saidi, mikono imejaa oili. Aliazima kipimo cha mnunuzi wa mawe wa duka la pili, akapima matuta. Nikamwomba apime tena. Akapima, akaniuliza nabeba nini. Nikamwonyesha Mama Fide na mabegi.

"Na unashindana na nani, kaka?"

Nikasema sishindani na mtu.

"Sasa hii ni ya kushindana. Nguvu yake inaamka ukishakimbia sana, na inataka springi nyingine za valvu. Wewe kilimani na mzigo utakimbilia wapi? Chukua fupi, inavuta kuanzia chini. Nyie Wangoni mkiona kirefu mmekwisha."

Mama Fide alicheka kuliko ilivyohitajika. Nilirudisha ndefu. Gasketi sikuirudisha.

Asubuhi iliyofuata Mwanaidi aliifunga, akalinganisha alama, akauzungusha mtambo kwa mkono mizunguko miwili kamili kuhakikisha valvu hazigongi. Nikaomba miwili mingine. Alinitazama, akazungusha.

Saa nne tulishika njia ya kurudi, mzigo umeongezeka: dada mtu alitujazia korosho. Gia ambazo injini ilizoea kuzipigia kelele, safari hii iliziimba taratibu. Chini ya kilima nilikaza mikono. Gia ya tatu, haikuomba ya pili. Lori lililobeba mbao tuliliacha kwenye kona. Juu kabisa nilikuwa nimevimba kama mimi ndiye niliyeichonga kamshafti ile, nikingoja kusifiwa. Nilichojifunza, na ninawaambia wenzangu wa Songea wenye pikipiki za safari, ni kwamba kamshafti huchaguliwa kwa mzigo unaoubeba na mwendo unaokwenda nao. Urefu wa tuta peke yake haukufikishi.

Tulipokaribia Namtumbo, Mama Fide alinigusa bega.

"Kile kilima changu bado kiko mbele?"

"Tumeshakipita."

Akageuka kutazama nyuma, kisha akanishika kiuno vizuri zaidi.