Mgeni Kabisha Hodi

Mwaka ule kipindupindu kilipoingia pwani, metroni wetu alipiga marufuku jina la ugonjwa huo kutajwa katika wodi ya wazazi. Akasema wanawake wakilisikia, uchungu wa kuzaa utakatika. Basi tukawa tunauita ule ugonjwa "mgeni".

Ningekuwa na akili zangu zote ningembishia, maana pwani nzima mtoto akizaliwa husemwa nyumba imepata mgeni. Lakini hofu ilikuwa imenimaliza. Nilikuwa na mtoto anyonyaye kwetu Kisumu Ndogo, nami nilijisugua kwa klorini ya wodini mpaka akanikataa. Alinusa kifua, akageuza uso, akalilia uji wa bibi yake. Wenzangu nao walikuwa na yao. Mmoja alimsalimu mama mkwe wake kwa kiwiko, na hadi leo hawajapatana.

Tukitaka kucheka tulisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alikuwa na mwezi mzima na jembe halitaki.

Asubuhi moja bwana mmoja wa mashambani alifika langoni akisukuma mkokoteni, mkewe kalala humo, kajifunika leso. Bawabu akamuuliza ana shida gani.

"Shikamoo, mzee," bwana akajibu kwa adabu. "Mgeni wetu keshabisha hodi."

Bawabu tulikuwa tumempa bomba la kupulizia mikorosho, limejaa klorini. Hakungoja maelezo. Alimpulizia yule bwana kuanzia kofia hadi makubadhi, akapulizia magurudumu, lango na njia, mpaka bomba likakauka, na ile ndiyo ilikuwa klorini yetu yote iliyobaki. Kisha akafunga lango, akatangaza kwamba mgeni amekuja. Sisi wakunga, tuliokuwa tumetoka na metroni kutazama, watu wazima na vyeti vyetu, tukarudi nyuma hadi ukutani, mimi nyuma ya wote. Bwana, maji yakimtiririka, akauliza kama siku hizi lazima mtu aogeshwe kwanza.

Hapo nikamsikia mkewe akikaza pumzi. Sauti ile siikosei. Yule hakuwa mgonjwa, alikuwa anasukuma mtoto.

Metroni akaniuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo. Nilimfikiria mwanangu, nikaenda kufungua lango.

Mtoto alizaliwa palepale mkokotenini, msichana, mzima, analia kwa hasira. Baba yake, macho mekundu, akauliza kama sasa anaruhusiwa kuingia.

Metroni aliketi chini pale langoni akacheka, kicheko kikageuka kilio, na sote tukamfuata.

"Mgeni njoo," akasema akijifuta kwa aproni, "mwenyeji apone."

Jioni ile, kwa kuwa klorini ilikuwa imeishia kwa yule bwana, nilioga kwa maji moto na sabuni ya kufulia. Mwanangu akanusa kifua, akafikiri kidogo, akanyonya.