Nguo Ndogo

Siku ya sita baada ya mto kuingia mtaani, fundi cherehani aliyeitwa Pima-Tena aliamka na miguu iliyovimba. Jina hilo alilipata kwa sababu, kwa miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla ya kumpima mara mbili, na pengine mara tatu, mteja akiwa amesimama mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Watu walimcheka, lakini walirudi. Sasa duka lake lilikuwa limejaa tope hadi usawa wa dirisha. Alichookoa ni cherehani yake ya kukanyaga, ambayo wanaume wanne waliibeba hadi kwenye shule iliyogeuzwa makao ya waliopoteza nyumba, wakaiweka barazani, nje ya darasa la tatu. Tangu hapo alikuwa akipunguza, akiongeza na kutia viraka nguo za msaada, kuanzia asubuhi hadi macho yagome. Hakuna aliyemwomba aanze, na kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia apumzike.

Nguo zilikuja kwa marobota. Watu wa mbali walikuwa wametoa kwa moyo mweupe, lakini walitoa kile walichokuwa nacho: suti za vipande vitatu, viatu vya visigino virefu, gauni la arusi, na tai za kutosha kuvisha benki nzima. Kitu kimoja hakikuwemo katika robota lolote, na fundi alikuwa amechoka mno kukigundua.

Mgawaji wa nguo alikuwa karani mstaafu wa mizigo, mtu mwadilifu kupita kiasi. Aliketi nyuma ya dawati la mwanafunzi, magoti yakimgusa kidevu, na daftari mbele yake. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mtu ataje haja yake kwa sauti, foleni nzima isikie, ili asije mtu akasema kuna upendeleo.

Asubuhi ile karani alimfuata fundi akiwa amekunja uso.

"Dada, nisaidie. Yule Bibi wa Pembeni ananichanganya kichwa."

Bibi wa Pembeni ndilo jina walilompa mwanamke mzee aliyelala kwenye pembe ya darasa la tatu. Alishinda ameketi pale pale, miguu ameikunja, gauni amelibana chini ya mapaja, wala hakuinuka kwenda kwenye chakula, alisubiri aletewe.

"Amefanya nini?"

"Mumewe yuko hospitali, ukuta ulimwangukia mguuni. Kesho asubuhi wanamkata huo mguu. Mzee ametuma salamu mara mbili: mke wangu aje nimwone kwanza. Lori linaondoka hapa kila siku saa nane, juzi bibi hakupanda, jana hakupanda. Leo ndiyo ya mwisho kabla ya kisu. Nimemuuliza kisa, anasema, 'Nitakwenda, nitakwenda.' Na si kwamba tumemnyima kitu! Mara tatu ameomba nguo, mara tatu nimempa."

"Umempa nini?"

Karani alifungua daftari na kusoma kwa kidole. "Nguo ndogo. Jumatatu, kaptura mbili na fulana. Jumanne, kigauni. Jana, kaptura tena. Hao wajukuu wake wanavaa au wanakula?"

Mguu wa fundi ulisimama juu ya kikanyagio. Alilitazama neno lile kwenye daftari, limeandikwa kwa hati safi mara tatu, na uchovu wote wa siku sita ukamshukia mabegani kwa mkupuo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Bwana karani," alisema, "hebu nishikie zamu."

Ndani ya darasa alichuchumaa kando ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimepoa. Wajukuu wako wapi?"

"Wajukuu gani? Mdogo wao ameoa, yuko mbali huko, ana ndevu."

Kando ya mto wa kulalia palikuwa na kaptura tatu, fulana na kigauni, vimekunjwa kwa usawa kama vitabu.

"Na hizi?"

Bibi alitazama ukutani, palipoandikwa jedwali la kuzidisha. "Nilimwambia yule bwana nataka nguo ndogo. Akanipa hizo."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema ahsante. Ningesemaje? Nyuma yangu yuko muuza mkaa, yuko fundi baiskeli, wote masikio wima. Kesho yake nikajaribu tena, labda ataelewa. Akaniuliza, 'Za kiume au za kike?'"

Fundi alifunika mdomo. Bibi alimtazama kwa ukali, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika, wakacheka kimya kimya mpaka machozi yakawatoka, na hayo machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Maji yaliingia alfajiri," bibi alisema alipotulia. "Zangu zote zilikuwa kwenye kamba, nilizifua jioni. Nimetoka na gauni hili tu, nalo tazama, unaona hadi upande wa pili. Lile lori sharti ukanyage gurudumu, uinue mguu mpaka hapa, na wanaume wako chini wanakusukuma. Mwanangu, nimeishi na yule mzee miaka hamsini na miwili. Ningekwenda kwa magoti. Lakini kupanda vile, hivi nilivyo, siwezi."

Zilikuwa zimebaki saa tatu kabla ya lori kuondoka. Fundi alirudi barazani, akapekua marobota mawili hadi chini. Ndipo alipobaini kile kilichokosekana siku zote: hakuna mtu anayetoa msaada wa nguo za ndani zilizovaliwa, na hakuna aliyekumbuka kununua mpya. Alichagua shuka la pamba lililochakaa likawa laini, akatwaa futi yake na kurudi kwa bibi.

"Simama nikupime."

"Mbele ya darasa zima? Hata!"

"Mara moja tu."

"Wewe na mara moja? Mtaa mzima unakujua. Kadiria."

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, Pima-Tena alikata kitambaa bila kupima. Alikata mbili, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha, akashona akiwa ameegemea ukuta ili mgongo usimwangushe.

Kilibaki kiuno, na mpira wa kiuno haukuwepo. Alizikumbuka kaptura za watoto, akaenda na wembe mkononi.

"Usithubutu," bibi alisema. "Hizo ni za watoto wa watu, wamekosa kwa ajili yangu siku tatu. Mrudishie karani."

Fundi hakubishana, hakuwa na nguvu hiyo. Alikwenda chooni, akavua gagulo lake la ndani ya gauni, akaufumua mpira wake mpana, akaugawa vipande viwili. Gagulo lenyewe alilivaa tena na kulikaza kwa fundo upande wa kushoto.

Saa nane kasorobo bibi alitoka darasani, akatembea wima hadi kwenye lori. Alikanyaga gurudumu, akainua mguu. Muuza mkaa alipotaka kumsukuma, alimwambia, "Niache, kijana, napanda mwenyewe." Na akapanda. Fundi alipunga mkono mmoja tu. Wa pili ulikuwa umeshika kiuno.

Aliporudi kwenye cherehani alimkuta mke wa fundi baiskeli anamsubiri, mwanamke wa mwili mkubwa, anaangalia chini.

"Fundi," alinong'ona, "nami nguo ndogo. Ila iwe kubwa."

Nyuma yake walikuwa wanawake wanne. Karani alikaribia na daftari, masikio yamemwiva. Alikuwa amekwisha kuelewa. "Dada, hizi niziandikeje?"

"Usiandike. Wanaotaka nguo ndogo waje kwangu, wala wasipaze sauti."

Bibi wa Pembeni alirudi siku ya pili, kwa lori la mchana. Fundi alikuwa bado anashona. Bibi aliketi juu ya robota.

"Wamemkata," alisema. "Nilimshika mkono mpaka mlangoni, wakaniambia basi, ishia hapo. Alipozinduka akaniuliza, 'Mbona ulichelewa?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nilikosa nguo. Akasema, 'Wanawake!'" Alitabasamu bila meno ya mbele, kisha akajisogeza na kukunja uso. "Mwanangu, sisemi kwamba sishukuru. Ila hii kitu inabana kiunoni."

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye kikanyagio. Aliivua futi shingoni, akamwita mke wa fundi baiskeli aje ashike shuka liwakinge na macho ya watu.

"Simama, bibi," alisema. "Mikono juu."