Shavu la Bwana Harusi

Jina lake kamili, kama anavyoitwa uwanjani kwenye gereji, ni Bwana Harusi Fundi Polishi, mume wa binti yangu wa pili, mwana wa mpiga msasa wa vitanda, mjukuu wa mnoa visu aliyetembea na gurudumu lake mgongoni. Ukoo mzima umekula kwa kusugua. Yeye ndiye aliyeling'arisha gari la wagonjwa lililokaa chini ya mti wa utomvu mpaka likawa kama limeota ukurutu. Yeye ndiye aliyefuta alfabeti kwenye mlango wa gari la mhasibu, alfabeti iliyochorwa kwa msumari na mtoto wa chekechea, na baadaye mhasibu akajuta kwamba hakuomba aachiwe hata herufi moja. Yeye ndiye aliyelirudishia basi la shule wekundu wake wakati watu walikwisha kukubali kuwa ni la waridi. Nayaandika haya mwanzo ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyepatwa na yaliyompata. Hakuwa mbabaishaji.

Hilo la Bwana Harusi si jina la zamani. Alipewa na mwenye gereji, mtu mnene asiyejua kuweka neno akiba, siku alipomkuta ameinama juu ya boneti, shavu limelala kwenye bati, macho amefumba.

"Jamani njooni muone," mwenye gereji akawaita mafundi. "Huyu leo kaposa."

"Napima mng'ao," mkwe wangu akasema, akajinyoosha haraka.

"Mng'ao unapimwa kwa jicho, kaka. Shavu ni la kupimia mke."

Wakacheka, naye akacheka. Kesho yake akalala shavu kwenye gari jingine, na jina likaganda.

Sisi tunaishi vyumba vya nyuma ya gereji hiyo hiyo. Dirisha la jikoni linatazama sakafu ya saruji anapofanyia kazi, na kwa kuwa magoti yangu hayanipeleki tena mbali, dirisha hilo ndilo safari yangu. Nimemwona akishika mashine ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Ni mashine nzito yenye sponji ya duara inayozunguka kwa kasi. Anapaka dawa kwenye bati, anaisugua mpaka mikwaruzo inapotea na rangi inaamka. Lakini kuna hatari yake. Juu ya rangi ya gari pana ngozi nyembamba inayong'aa, wao huiita klia, na kupiga polishi ni kuila ngozi hiyo kidogo kidogo. Mashine ikikawia mahali pamoja, bati linachemka, klia inaungua, rangi inafuata. Kwenye mikunjo ya bati ndiko ngozi ni nyembamba zaidi. Ndiyo maana fundi husimama kila mara, akaweka vidole, akasikiliza joto.

Vidole, si shavu. Mafundi walicheka kwa sababu hawakula naye nyumbani.

Mimi nilijua siku aliponyanyua sufuria jikoni bila kitambaa. Ilikuwa inatoka motoni. Akaibeba taratibu, kama mtu aliyebeba kitabu, akaiweka mezani. Binti yangu akanitazama, mimi nikamtazama yeye. Mkwe wangu akayaona macho yetu, ndipo akatikisa mkono na kusema "aah", amechelewa kama mwanakwaya aliyesinzia. Jioni ile kiganja kilivimba malengelenge, na yeye akawa anakula kana kwamba ni kiganja cha jirani.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mashine inatetema, na mtetemo wa miaka yote hiyo ulikuwa umevila. Binti yangu akaanza kumfunga vifungo vya shati asubuhi, akisema eti anapenda kumwona nadhifu. Chai yake ikawa inaletwa imepoa. Mjukuu wangu, msichana mzima aliyerithi mabega ya baba yake, anayesafisha viti vya magari katika gereji hiyo hiyo, akawa anatangulia kubandika tepe kwenye mikunjo yote ya gari kabla baba yake hajafika. Tepe inakinga mkunjo usiungue. Baba akifika anaibandua.

"Tepe ni ya wanaojifunza."

"Basi nifundishe nami nijifunze, baba."

"Hii mashine itakung'oa bega. Rudi kwenye viti vyako."

Hivyo tulijua wote, na hakuna aliyesema. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulikuwa tunayaficha wanne, kwa hiyo kilio kingetugawana. Na mimi ningesema vipi? Mkwe si mtoto wako wa kumzaa, umwambie vidole vyako vimekufa kama unavyomwambia futa kamasi. Nilijua pia anachokiogopa. Hana kazi nyingine mikononi wala kichwani. Siku akiunguza gari la mtu, mashine itatoka mkononi mwake, naye atabaki mwanamume anayekaa nyumbani na mama mkwe dirishani. Hilo la pili sikulipenda hata mimi.

Ndipo likaja gari jeusi la fundi cherehani.

Mama huyo alikuwa amepakiwa viti vya nyuma vya magari ya watu mpaka mvi zikamtoka, na sasa alikuwa amejinunulia la kwake. Lilikuwa la zamani, weusi umepauka kama viwiko visivyopata mafuta. Akazunguka nalo uwanjani, akashuka, akafunga mlango kwa mikono miwili.

"Fundi," akamwambia mkwe wangu, "nataka nikipita kando yake nijione, mpaka hereni."

"Utajiona mpaka mawazo, fundi mwenzangu."

Gari jeusi halina siri. Jeupe hukusitiri, la fedha hukusitiri, jeusi linasema kila ulichofanya. Lakini alianza vizuri. Paa likang'aa, boneti likang'aa, na kila alipotaka kujua joto alilaza shavu. Mafundi walikwisha kuchoka kucheka. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya gari akisugua viti, na tepe aliyoibandika alfajiri ilikuwa imeviringishwa kama mpira chini ya gurudumu.

Tatizo lilikuwa mlango. Ule mlango una mkunjo chini kabisa, usawa wa goti. Shavu la mtu mzima halifiki huko mpaka alale. Nikamwona ameweka mashine kando, amelala ubavu kwenye saruji yenye maji, shavu mlangoni. Akainuka, akasugua. Akalala tena. Shati lilikuwa limeloa upande mmoja, lile alilofungwa vifungo na mkewe.

Alipotaka kulala mara nyingine akageuza shingo. Mwenye gereji alikuwa amesimama na mteja mgeni, wawili wamekunja mikono, wanamtazama. Mteja akanong'ona kitu, mwenye gereji akatabasamu. Mkwe wangu hakulala. Akanyoosha mkono, akaweka vidole kwenye mkunjo kama fundi yeyote, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia jibu. Kisha akawasha mashine na kuendelea.

Harufu ilinifikia mimi dirishani kabla yeye hajaona kitu.

Mjukuu wangu akaruka kutoka kwenye gari na kuchomoa waya ukutani. Mashine ikazunguka ikipungua, ikapungua, ikasimama mkononi mwa baba yake. Kwenye mkunjo palikuwa na mstari wa kijivu, urefu wa kiganja. Weusi ulikuwa umekwisha, praima, ile rangi ya chini kabisa, imejitokeza kama mfupa.

Mwenye gereji alimsindikiza mgeni wake getini kwanza, kisha akarudi akachuchumaa.

"Kitu kidogo hiki," akasema. "Fundi rangi atapuliza hapa hapa kwenye mstari, kisha tupige na nta juu. Yule mama hachuchumai, ana kiuno."

"Baba, kweli," mjukuu wangu akasema polepole. "Ni chini sana. Hataona."

"Na kesho niunguze lipi?"

"Kesho utaamka vizuri," mwenye gereji akasema. "Kila fundi ana siku yake mbaya."

"Mimi nitaamka. Vidole haviamki." Akavinyoosha mbele yao vyote kumi, vyeupe kwenye ncha. "Vimekufa. Tangu mvua zilizopita. Mwanangu anajua. Mke wangu anajua." Kisha akaongeza bila kugeuka, "Na mama pale dirishani anajua."

Niliacha viazi nilivyokuwa namenya. Sikuwa na pa kujificha, na kwa umri wangu sijifichi.

Mwenye gereji alibaki amechuchumaa. "Kwa hiyo lile shavu," akasema.

"Ndilo lililobaki linasikia."

"Na mimi ndiye niliyekuita Bwana Harusi."

"Umeniita mengi. Hilo lina afadhali."

Hakuna aliyecheka. Fundi wa matairi, ambaye ndiye aliyekuwa akimpigia vigelegele kila akiinama, akaenda kuosha mikono iliyokuwa safi.

Mama wa cherehani alifika mchana, amevaa hereni zile zile za kujitazamia. Aliliona paa kwa mbali akaanza kutabasamu. Mkwe wangu akamkatiza njiani.

"Fundi, kabla hujaangalia zuri, njoo uangalie baya."

Akampeleka mlangoni. Mama akachuchumaa, kiuno na yote, akapitisha kidole kwenye mstari.

"Hiki nini?"

"Nimekuunguzia rangi."

"Ulikuwa unaongea na mtu?"

"Hapana. Sikusikia joto. Vidole vyangu havisikii tena, na nilijua, nikaendelea."

Mama akautazama mstari. "Mimi nikiunguza gauni la mtu kwa pasi," akasema mwisho, "natamani hata umeme ungekatika mapema. Lakini mimi vidole vyangu vinasikia. Wewe ulijua kabla ya kuchomeka waya."

"Nilijua."

"Mlango wote tutaupiga rangi upya," mwenye gereji akasema. "Ni juu yetu."

"Hautafanana," mama akasema. "Hata kitambaa cha jora moja, kata leo, kata mwakani, havifanani."

Mwenye gereji akafungua mdomo. Mkwe wangu akamtangulia. "Hautafanana sana. Kwenye jua utaona. Sikudanganyi."

Alikuwa amekasirika yule mama, hasira isiyomwagika, ile ya mtu aliyekwisha kumwagikiwa na mengi. Akainuka akishika kiuno, akazunguka upande wa pili ambao bado ulikuwa umepauka. "Na huku nani anamaliza? Mimi siwezi kuendesha gari upande mmoja bibi harusi, upande mwingine mgonjwa."

Mkwe wangu akaitazama mashine.

"Wewe humalizi," mama akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Unisamehe, fundi. Kwa mikono hiyo, gari langu hulimalizi."

Nimeona wanaume wakifukuzwa kazi kwa matusi na wakasimama wima. Huyu aliambiwa kwa upole, na mabega yakamshuka kama koti lililotolewa kwenye kigingi. Binti yangu alikuwa ametoka nyumbani, amesimama kwenye mlango wetu, nami nilikuwa nimejikokota nyuma yake, nikamshika nguo asiende. Kuna kumbatio linaloweza kummaliza mtu.

Kisha mkwe wangu akamgeukia mwanawe.

"Leta tepe yako."

Mjukuu wangu akaleta. Akabandika mikunjo yote ya upande ule, baba yake akifuata nyuma yake kwa macho. Alipomaliza, baba akampa mashine. Akamtupia waya begani, "usiburuze kwenye rangi". Akamgeuza kiwiko. "Laza sponji kwenye bati kwanza, ndipo uwashe. Ukiwasha hewani, dawa tutapakwa sote."

Msichana akawasha. Mashine ikamvuta kando, akarudi, ikamvuta tena. Mama wa cherehani alikuwa amevuta kigoda, amekaa kutazama kama mteja anayengojea pindo.

"Usishindane nayo," baba akasema. "Iache ikuvute, wewe ndiye uamue inakuvutia wapi. Haya, zima. Gusa bati."

Akagusa.

"Joto gani?"

"La kawaida."

"Hakuna joto la kawaida. Ni paji la mtoto anayecheza, au la mtoto mwenye homa?"

Akagusa tena, amefumba macho. "Anayecheza."

Baba alinyoosha mkono wake kwenda kwenye bati, kwa mazoea, kisha akaurudisha. Akatafuta pa kuuweka, hakupaona, akaukunja nyuma ya mgongo.

"Maliza upande huu," akasema. "Na ukifika kule chini kwenye mkunjo, usiniite. Mimi sina jibu. Utaamua wewe."