Siku Tuliyompeleka Baba Bunkeya

Baba yangu si mtu wa kuomba. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe ya shaba mpaka kifua chake kikachoka, kampuni ikamwachia nyumba ya matofali hapa Dilala, Kolwezi, pamoja na kikohozi, na sikuwahi kumsikia akidai kingine. Kitu kimoja tu alikuwa akikitaja, tena kwa kuzungukazunguka. Mama yake alizaliwa Bunkeya, katika ukoo wa yule mfalme aliyetawala nchi hii kabla Wazungu hawajaja kutafuta shaba, na tangu utoto alimwambia mwanawe kwamba siku moja ataenda kumwamkia babu. Babu maana yake kaburi la mfalme. Bibi akafa, baba akazeeka, na kaburi lenyewe, ambalo kila mtoto wa shule hapa kwetu anafundishwa habari zake, alikuwa hajaliona.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, vumbi lilimzidi. Mimi ni mkunga katika kituo cha afya, najua sauti ya pafu linaloelekea kushindwa. Dada yangu anayeuza makala ya kupikia kule Mutshatsha alinipigia simu akasema tumpeleke sasa, kwa sababu akishalala kitandani moja kwa moja tutampeleka na nini. Pikipiki haikufaa, na kumpandisha mzee juu ya magunia ya mahindi kwenye lori hatukuweza. Ndiyo maana nilimtafuta kiongozi mmoja wa safari za watalii.

Ni mwanamume wa umri wangu, mwenye jeep na chumba kidogo cha kazi mjini, ukutani picha za maporomoko ya maji. Alinikaribisha kwa adabu, akanivutia kiti. Nilimweleza kuhusu baba, kifua chake, na bibi. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri, kisha akasema, "Itakuwa safari yenu bale ba nyumba tu, mama. Gari yenu, siku muzima yenu. Papa atakaa mbele sawa shefu." Nilimwamini, na nilipofika nyumbani nilimrudishia baba maneno hayohayo.

Siku yenyewe baba aliamka kabla ya adhana ya msikiti wa wafanyabiashara wa Maniema walio mtaa wa pili. Alivaa suti yake ya kanisani na kofia. Viatu alikuwa amevipaka rangi tangu jana yake. Nilifunga mkate, karanga za kuchemsha, chai kwenye thermosi, na dawa yake ya kuvuta. Jeep ilipofika, kiti cha mbele kilikuwa na mtu, na nyuma ya dereva alikuwa amekaa mwingine, mizigo yao kando yake.

Kiongozi alishuka akitabasamu. Alieleza kwamba wale ni mabwana wawili wa mgodi fulani, wageni katika jimbo, wamemwomba sana, na njia ni ileile, hawatatusumbua. Nilimkumbusha alichoniambia. Alijibu kwamba safari ni yetu bado, wale ni watu wawili tu. Nilitaka tumrudishe, lakini baba alikuwa tayari anaelekea kwenye gari. Hakutaka majirani watuone tukigombana barabarani. Akaingia nyuma kabisa, kwenye benchi lililo juu ya gurudumu, magoti karibu na kidevu, kofia mapajani, na mimi nikabanana naye. Hasira yangu ilianzia hapo, na sitadanganya kwamba ilipungua popote.

Njia nzima kiongozi aliongea Kifaransa na wale mabwana. Kwetu hakugeuka. Aliteremsha vioo wapige picha vilima vya mabaki ya madini, na kila lori lililopita likatumwagia vumbi lake. Baba akakohoa kwenye kitambaa. Nikamwomba kiongozi afunge vioo, akafunga, na baada ya muda mfupi akafungua tena. Mahali fulani vijana walikuwa wakichimba kando ya barabara, wamepaka udongo mwili mzima. Akasimamisha gari, akawaita kwa kupiga mluzi, akawaambia wasogee kwenye jua wapigwe picha vizuri. Mmoja alijifunika uso kwa mkono. Wengine walisimama tu na magunia mabegani, kama waliozoea kutazamwa. Baba aliangalia kwa dirisha la nyuma, akasema kwa sauti ndogo, akiniambia mimi peke yangu, "Bale ni batoto ya batu."

Baada ya Fungurume tuliacha lami. Barabara ilikuwa mbaya, na benchi lile halikuwa na kitu cha kushika isipokuwa bomba la chuma juu ya dirisha. Baba alilishika kwa mikono miwili. Kila nilipomuuliza kama anaumia, alisema hapana.

Bunkeya tulipokelewa na mzee mmoja wa nyumba ya chifu, mtu mpole aliyetusalimu mmoja mmoja kabla ya kuuliza lolote. Alipofika kwa baba alimwuliza anatoka kwa nani. Baba akataja jina la mama yake, na jina la baba wa mama yake. Yule mzee akawa kama anatafuta kitu mbali kichwani mwake, kisha akamshika baba mikono yote miwili na kusema, "Basi umekuya kwenu."

Sijawahi kumwona baba na uso ule. Nimemwona siku nilipoolewa, nimemwona siku alipopokea wajukuu, lakini uso ule sikuwa naujua. Nilitamani tubaki pale, waendelee kushikana mikono. Kiongozi akapiga makofi mawili na kusema tusichelewe.

Kabla ya kuingia uani, mzee wa nyumba alituomba jambo moja: baba atakapokuwa anaamkia, simu ziwekwe chini. Wote tukakubali, kiongozi wa kwanza.

Mbele ya kaburi ndipo alipoanza kusimulia, mara hii kwa Kifaransa na Kiswahili, labda kwa sababu mzee wa nyumba alikuwepo. Habari yenyewe inajulikana: mfalme alikataa bendera ya wageni, wakampiga risasi, na inasemwa kwamba kichwa kilikatwa kikachukuliwa, mpaka leo watu wanabishana kilipelekwa wapi. Sisi tumeisikia habari hiyo tukiwa tumekaa kimya. Yeye aliisimulia kama mambo ya kilabuni. Alipitisha kiganja shingoni. Akasema mfalme huyu ndiye mtu wa kwanza wa nchi yetu kufika Ulaya bila viza, tena nusu nusu. Wale mabwana wakacheka, yule mkubwa kwa sauti.

Nimeosha watoto waliozaliwa bila pumzi. Nimefunga midomo ya akina mama waliokufia mikononi mwangu. Mwili wa mtu, hata umevunjika namna gani, hauchekwi. Nilimwambia, "Huyu ni babu ya baba yangu. Unamucheka mbele yake?" Akajibu nisichukue vibaya, wageni wanahitaji kuchangamshwa kidogo, ni kazi tu. Nikavuta pumzi ili nimtukane sawasawa, matusi ambayo mkunga huyasikia kazini kila siku na anayajua yote. Baba akaniwekea mkono begani.

"Wacha, mama," akasema. Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Kisha akamgeukia kiongozi, bila ukali. "Mutoto yangu, baba yako eko hai?"

"Hapana, papa. Alikufa."

"Mulimuzika wapi?"

"Kamina."

"Na kichwa yake?"

Bwana mdogo wa mgodini akavua kofia yake. Yule mkubwa akaanza kuangalia miti.

Baba akavua viatu, akanipa kofia na koti, akapiga magoti. Ilimchukua muda, na alinikataza kumsaidia. Akapiga makofi polepole, kwa viganja vilivyokunjwa, kama bibi alivyokuwa akiwaamkia wakubwa, halafu akaanza kusema kwa lugha ya mama yake. Lugha ile mimi naisikia kidogo tu. Nilirudi nyuma, kwa sababu niliona maneno hayakuwa yangu. Alisema kwa muda mrefu, akikatishwa na kikohozi, akianza tena. Mabega yake yakatetemeka, nikajua analia. Kiongozi alikuwa amesimama upande, mikono nyuma, simu yake kwenye mfuko wa shati, jicho la kamera limetokeza juu ya kitambaa. Niliiona. Sikuwaza kitu, mikono yake si ilikuwa mitupu?

Tulipotoka uani, harufu ya kuku ilitupokea. Nyumbani kwa yule mzee walikuwa wamechinja, na bukari, ugali wetu, lilikuwa motoni. Alituambia mtu aliyerudi kwao haondoki na njaa. Kabla baba hajajibu, kiongozi alishajibu kwa niaba yetu: wanashukuru, lakini wana haraka, mabwana wana mkutano asubuhi. Nilisema sisi hatuna mkutano wowote. Alisema gari ni moja. Nilimwambia atuache basi, tutajua namna ya kurudi, na hapo baba akaanza kukohoa vibaya, midomo ikabadilika rangi, nami nikajua siwezi kukaa naye mbali na hospitali bila kujua nitapata gari lini. Yule mtu alijua pia. Alikaa kwenye usukani akawasha injini.

Hivyo baba yangu aliondoka kwao, mara ya kwanza na pengine ya mwisho, bila kula. Mke wa yule mzee alikimbia na nyama kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akampa dirishani. Bwana mdogo alimpisha baba kiti chake cha mbele, na alipokuwa akimsaidia kupanda alimwomba radhi kwa Kifaransa. Baba akamjibu vizuri. Mimi sikumjibu mtu yeyote mpaka Kolwezi.

Nilidhani yameishia hapo. Majuma kadhaa baadaye nilikuwa kazini, mwenzangu akanisogezea simu yake, video ikicheza, na kuuliza kama huyu si papa yangu. Alikuwa yeye. Amepiga magoti, miguu mitupu, nyayo zake zenye nyufa zimegeukia kamera, mabega yakitetemeka. Juu yake walikuwa wameweka muziki wa kucheza, wa gitaa, na maandishi ya Kifaransa yakiwaita watu waje wahisi machozi ya mababu, na namba ya simu ya kuagiza safari. Chini yake watu walikuwa wameandika. Wengine waliweka mioyo. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza huyu mzee amelipwa ngapi kulia.

Nilimwachia mwenzangu wodi, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka mjini nikiwa na joho la kazi. Kiongozi alikuwa na wateja, mume na mke kutoka Lubumbashi. Aliponiona alifurahi, nasema kweli, alifurahi. Alisema baba amefaulu sana, watu wanampigia simu kwa sababu yake, na alikuwa anapanga kuja Dilala kumshukuru.

Nilimwambia afute. Akasema hata akifuta kwake, imeshaenda kwa watu. Nikasema afute kwake kwanza, mbele yangu. Akafuta. Kisha, kwa sauti ambayo fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliisikia, niliwaeleza wale wateja yote: siku muzima yenu, benchi la nyuma, kichwa cha mfalme, kuku aliyemkatalia mzee wa watu, na simu mfukoni baada ya kuahidi. Yule mke alisimama kabla sijamaliza, mume akamfuata. Sijutii.

Walipoondoka nilimwomba jambo la mwisho. Nilimwambia anipe ile video ya kwanza, yenye sauti ya baba, kabla ya muziki.

"Haiko tena, mama," alisema. "Simu ilikuwa inajaa. Nilifuta ile ya kwanza."

Nilitoka. Sikuwa na tusi lililotosha.

Baba sikumwambia, lakini Dilala haina siri. Jirani wa kanisani alimwonyesha. Nilimkuta kibarazani ameishika simu ya watu mbali na macho, ameinamisha kichwa.

"Miye njo ule?" akauliza, akigusa yule mtu kwenye kioo.

"Njo weye, tata," nikamjibu baba.

"Na sauti yangu?"

Nikamweleza. Akarudisha simu kwa mwenyewe, akakaa. Baadaye akasema yule kijana si mbaya, ana njaa tu, mji huu una njaa nyingi. Nilimjibu kwamba wachimbaji wale wa barabarani wana njaa kumzidi na hawajamwuza baba wa mtu. Nilipaza sauti. Sikumbuki siku nyingine niliyompazia baba sauti. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

Jioni ile nilimuuliza, kwa mara ya kwanza, alisema nini pale kaburini. Nilidhani atakataa. Akasema hakuna siri. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alieleza kwamba ni mtoto wa nani, na kwamba mama yake alikufa akiwa bado anaikumbuka njia ya kurudi. Halafu akatutaja watoto wake, mmoja mmoja, ili tujulikane kule: dada yangu wa Mutshatsha, mimi, na kaka zetu wawili waliokufa wadogo kwa surua, ambao majina yao hayajatamkwa nyumbani kwetu tangu mama alipofariki.

Juu ya majina hayo mtu aliweka gitaa ili auze viti vya jeep. Baba amemsamehe, na walipokutana sokoni walisalimiana kwa mkono. Mimi nilikuwa nimebeba kikapu cha sombe, majani ya muhogo. Kiongozi aliniamkia, "Jambo, mama." Nikapita.