Siku familia mbili tulipotia nanga kisiwani bila kiatu hata kimoja

Wakuu, salaam kwenu nyote. Anayetafuta chai, yaani hadithi za kutunga, ahamie jukwaa jingine. Hapa naweka kilichonikuta mimi mwenyewe, na wahusika wote wako hai, mmoja wao anaweza hata kuusoma uzi huu akanitoa nduki.

Niko Muscat, mitaa ya Mabela. Wazee wetu ni Waarabu wa Tabora, wale waliorudi Oman na Kiswahili cha bara. Niliyempenda, Zuwena, kwao ni Khuwair ya Kusini, familia ya Kizanzibari. Kama hujui tofauti, kaa na mama zetu dakika kumi tu. Wa kwao wanaamini sisi tunaongea kama tunapasua kuni. Wa kwetu wanaamini wao wakikukaribisha chakula wanaomba Mungu ukatae.

Posa nilipeleka mara mbili. Baba yake, Ami Suleiman, mstaafu wa wizara, mara zote mbili alijibu "tutazungumza".

Wakuu, mwaka mzima nimeishi na hiyo "tutazungumza".

Mbaya zaidi, Zuwena akanipa taarifa kwamba kuna binamu anapigiwa debe na upande wa mama yake. Nikizubaa, imekula kwangu.

Mwezi wa tano Ami akatualika mimi na mama tukatembee kwenye boti yake ya tanga, ile aliyoinunua baada ya kustaafu na ambayo mkewe anaiita mke mwenza. Mpango: twende hadi kisiwa kidogo kusini ya Sidab, kijiji cha pwani huku huku Muscat, tule mchana, turudi. Nikajua hii si matembezi, hii ni intavyuu.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia.

Tulipofika gatini, mama yangu, Bi Moza, akavua viatu. Kwake yeye mlango wa watu ni mlango wa watu, hata ukiwa unaelea. Akavipanga pembeni vizuri. Na mimi nikavua.

Bi Thuraya, mama yake Zuwena, hawezi kuzidiwa adabu na mtu wa Tabora. Akavua. Zuwena akavua. Ami alikuwa na viatu vyake maalumu vya botini, lakini mwenye nyumba atavaaje viatu wageni wako peku? Akavua na yeye.

Jozi tano zimejipanga gatini kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Kila mmoja akidhani kuna mwingine atakayezipakia.

Tukaondoka.

Njiani mama zetu walirushiana vijembe vya heshima. Bi Thuraya alimsifu mama kwa kujaliwa sauti inayofika mbali. Mama naye akasifu sambusa za Bi Thuraya, akasema kwao, kwa udogo wake, hizo wangewapa watoto wachanga. Mimi nilivuta kila kamba niliyoambiwa, na mbili ambazo sikuambiwa. Ami macho kwenye tanga.

Tulitia nanga inakaribia saa saba mchana. Kuna kimashua cha mpira cha kuvushia watu, nikawatanguliza wanawake na mikeka, kisha nikamrudia Ami na vyungu vya chakula. Kivuli kilikuwa chini ya jabali, hatua kama hamsini kutoka majini.

Waliowahi kukanyaga mchanga wa huku saa hizo mwezi wa tano wananielewa. Ule ni kaango.

Mama alikanyaga, akarudi majini kama mtu aliyekumbuka kwamba anapenda bahari. Bi Thuraya hivyo hivyo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulalamika mbele ya mkwe mtarajiwa. Ni Zuwena aliyeuliza viatu viko wapi, halafu akaanza kucheka peke yake.

Mikeka ilikuwa miwili. Wanawake wakatandika mmoja, wakasimama juu yake, wakatupa wa pili mbele, wakahamia, wakauvuta wa nyuma. Hatua kwa hatua, Mtabora na Mzanzibari wakipeana amri, hadi kivulini. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakikubaliana jambo.

Tukabaki mimi na Ami. Na Ami ana sukari, daktari amemkataza kutembea peku hata chumbani kwake. Lengelenge moja likigeuka kidonda, mguu unaweza kukatwa. Bi Thuraya akasema wanarudisha mikeka. Ami akasema yeye si mtu wa kutandikiwa, akainua mguu.

Nilimzuia kifuani, wakuu. Mkono wangu, kifua cha mzee wa watu. Halafu nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa.

Akasimama kidogo, akipima. Akapanda.

Mzee ana kilo zake, na wizarani alikula vizuri. Nilipofika katikati shetani akaniambia, hapa hana pa kwenda. Nikasimama.

"Ami, lile jibu la Zuwena?"

Akaniinamia sikioni. Akasema, taratibu kabisa, "Wantisha?"

"Hapana, Ami. Napumzika."

"Basi pumzika. Anaeungua si mie."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nikawa nabadilisha mguu, kulia, kushoto, machozi yananilenga. Bi Thuraya akauliza kwa mbali mbona tumesimama. Ami akamjibu, "Tunazungumza."

Wazo la kumtua lilinijia, sitawadanganya. Lakini nyayo zake zilikuwa zinaning'inia pale mbele yangu, nyeupe na laini kama za mtoto, na nikajikuta namuonea huruma kuliko ninavyojihurumia. Nikampandisha juu zaidi, nikamshika vizuri, nikaendelea kuungua bila kuuliza kitu.

Nahisi alielewa kwa nini sikumtua.

"Twende, mwanangu," akasema. "Mie simuozi mtoto wangu kwa mtu asokuwa na miguu."

Nilizimaliza zile hatua nikikimbia.

Nilichojifunza, wakuu: usimbane mzee ikiwa moto uko upande wako. Wanaojiandaa kuniambia nilikosa adabu, karibuni, mama amewatangulia. Na nyie mliooa, jibu la ukweni mlipewa mkiwa katika hali gani? Semeni ukweli, wake zenu hawamo humu.