Siku Nilipomtania Mwenyekiti wa Juri

Tanuri la udongo likilowa maji hutoa harufu ambayo huwezi kuijua mpaka ikufike nyumbani kwako: jivu la zamani, chachu iliyokata tamaa, na chungu kibichi ambacho hakijaona moto. Harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha asubuhi moja ya mvua kubwa, nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, hapa Kalemie, katika nyumba yetu ya chini karibu na ziwa. Nilipotoka nje nilimkuta Mama amesimama, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, mikono kiunoni, anatazama tanuri lake la mikate likiyeyuka taratibu kama sukari ndani ya chai. Ziwa lilikuwa limepanda msimu ule kuliko watu walivyozoea. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yetu hayakumwagika, yalikuja yenyewe kwa miguu, hayakubisha hodi, yakapitia jikoni kabla ya sebuleni kama mgeni anayejua kinachopikwa.

Tanuri lile ndilo lililonilipia minerval, yaani karo ya shule. Papa ni fundi wa injini za boti, kazi nzuri yenye aibu moja: boti zikiharibika tunakula vizuri, zikiwa nzima tunakula kwa heshima tu. Mkate wa Mama ulikuwa hauna msimu. Kila alfajiri moshi ulipanda, na kabla sijanawa uso mtaa mzima ulikuwa umeshanuka mkate, hata mbwa wa jirani walikuwa wakipiga foleni. Tanuri lilipoisha kuyeyuka, Mama aliokota mlango wake wa bati, akaufuta kwa kanga, akauegemeza ukutani kama picha ya marehemu. Hakulia. Alisema tu kwamba ng'ambo ya milima watu wa Mvua wanacheka.

Hapo lazima nieleze, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata baadaye. Mama ametoka milima ya juu ya Moba, wa ukoo wa Udongo, na kwao mtoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mimi pia ni Udongo. Watani wetu ni ukoo wa Mvua. Mvua ikizidi udongo unaharibika, mvua ikikosekana udongo ni vumbi. Basi tangu mababu koo hizi mbili hutukanana kwa furaha, huzikana kwa machozi, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mama alinifundisha utani kabla hajanifundisha kufua. Ukikutana na mtu wa Mvua, mchokoze kwanza, salamu baadaye. Ukimnyamazia, umemwambia mbele ya watu kwamba siku yake ikifika hutakwenda kumzika. Wenzangu wamerithi mashamba na mitumbwi. Mimi nimerithi kibali cha kutukana.

Tatizo ni kwamba nilikitumia kibali hicho bila kuangalia mipaka. Shuleni niliwatania Mvua na wasio Mvua, nikawatania walimu, nikamtania hata padri aliyekuja kutubariki kabla ya mitihani. Veranda ya shule niliijua kuliko darasa, kwa sababu huko ndiko nilikotupwa. Papa Prefe, mkuu wetu wa masomo, alikuwa na desturi ya kupita verandani na kuniuliza, bila hata kusimama, leo nimemwambia nani nini.

Baada ya tanuri kuyeyuka nilianza mchezo mpya. Kila jioni nilichomeka tete moja pale maji yalipoishia, na kila tete nililipa jina la mwalimu. Ziwa lilipommeza mwalimu wa hesabu, darasa zima lilishangilia. Lakini mchezo ukiucheza kwa muda mrefu nao unaanza kukufundisha. Niliona kwamba maji hayapandi ovyo: kwenye mchanga yanatambaa kivivu, kwenye mtaro wa nyuma ya soko yanakimbia, na upepo wa kusini ukivuma siku nzima, kesho yake yanaruka hatua. Nikaanza kujua ni ua wa nani unaofuata. Niliwaambia majirani kwa adabu, wakaniambia mtoto wa shule asijifanye nabii. Basi nikabadili mtindo. Nilikuwa nasimama mlangoni kwa mtu, nimekunja uso kama mjumbe wa serikali, na kusema: maji yanawasalimu, yanasema Jumamosi yatakuja kula kwenu, yanaomba gunia la unga liwekwe juu ya kitanda maana hayapendi kuinama. Walicheka, wakanirushia ndala. Nami nikiwa bado uchochoroni nilisikia magunia yakiburutwa.

Papa hakuwa na la kucheka. Jioni moja aliosha mikono yake kwa sabuni muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji, kisha akaniambia kwamba mwaka wa masomo ukiisha nitakwenda Zongwe, kijiji cha wavuvi, kwa mjomba, nikamsaidie mke wake kukausha samaki. "Ni mwaka mumoja tu, Feza," alisema. "Kisha tutaona." Kaka yangu mkubwa alikwenda Zongwe kwa mwaka mmoja kama huo. Mpaka wakati ule alikuwa amepata mtumbwi, mke na kitambi, na shule ilikuwa haijamwona tena. Sikumjibu Papa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukosa la kusema, na Mama akanigusa paji la uso kuangalia kama nina malaria.

Muda mfupi baadaye likaja tangazo la burse. Shirika moja lilitaka kumlipia mwanafunzi mmoja wa mji huu minerval, vitabu na sare mpaka amalize sekondari. Kwanza mtihani wa kuandika katika kila shule, kisha wa kwanza wa kila shule atasimama mbele ya juri ya watu watatu na kueleza, kwa Kifaransa, habari ya kijana na mazingira yake. Atakayechanganya Kiswahili atakatwa pointi. Niliandika mtihani ule kama mtu anayekimbia mamba. Majibu yalipobandikwa, wa kwanza wa shule yetu nilikuwa mimi. Papa Prefe aliitazama karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma yake, labda jina la kweli lilijificha huko.

"Feza," aliniambia ofisini kwake, "akili, Mungu njo alikupa. Kinywa, sijui ulikiokota wapi. Siku ya juri kinywa kibaki nyumbani."

"Ndiyo, Papa Prefe. Na nitaongea na nini?"

Aliniandikia hotuba yeye mwenyewe. Ilikuwa na vijana ambao ni nguzo, mazingira ambayo ni hazina, na sentensi moja ndefu kiasi kwamba niliweza kuingia ndani yake asubuhi na kutoka mchana. Niliimeza yote kama kwinini, kwa sababu kila nilipotaka kuitema niliisikia harufu ya samaki wa Zongwe.

Siku ilipofika, ukumbi wa parokia ulijaa. Wazazi walikaa mabenchi ya nyuma, Mama katika kitenge chake cha Pasaka, Papa na mikono yake ameificha kwapani. Mbele walikaa juri: mwanamke wakili kutoka Kinshasa, profesa wa Lubumbashi, na katikati yao mwenyekiti, mzee wa mvi safi na tai nyekundu. Watahiniwa wenzangu walizungumza vizuri sana, hazina kwa nguzo, hadi profesa akaanza kuchora kwenye karatasi yake. Zamu yangu ilipofika mwenyekiti alitaka kunituliza. Akaniuliza ukoo wa mama yangu. Nikasema Udongo. Akatabasamu, akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba yeye pia alizaliwa milimani kwetu, na kwamba mama yake alikuwa wa ukoo wa Mvua.

Nyuma yangu nilimsikia Mama akikohoa. Kikohozi kile nilikijua. Nikisema, burse inaondoka, na mimi naondoka kwenda Zongwe. Nikinyamaza, nimemtangazia mzee wa watu mbele ya umati kwamba sitamzika, na mama yangu yuko hapo hapo. Nimewaza jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nafika mahali pale pale: hakukuwa na njia ya tatu.

"Papa wa Mvua, hauna haya," nilisema kwa Kiswahili. "Ndugu zako wameingia kwetu bila hodi, wamekula tanuri ya mama yangu mpaka mulango, na leo unakuja na tai shingoni kuniuliza maswali? Lipa tanuri kwanza. Ukikataa, siku yako nitakuja kukaa juu ya sanduku, na hawatakuzika mpaka nishuke."

Ukumbi ulivuta pumzi na kusahau kuitoa. Kalamu ya wakili ilisimama hewani. Papa Prefe alijifunika uso kwa bahasha. Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa polepole, akasimama.

"Nyinyi watu wa Udongo," alisema, kwa Kiswahili pia, "kama si sisi mungekuwa vumbi ya barabara. Muntu akipiga chafya, ukoo muzima unapotea. Na hiyo tanuri, nani alimupa mama yako ruhusa ya kuijenga bila kutuuliza?"

Wenyeji wa Moba waliokuwa nyuma walilipuka kwa kicheko. Mzee akazunguka meza, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nami nikaanza kufikiri kwamba burse nimeshaiweka mfukoni. Kisha akawageukia wenzake, akawatafsiria tuliyoambiana, akawaeleza utani ni kitu gani, na akamalizia hivi: huyu ni mtani wake, akimpa pointi nyingi watasema amependelea, akimnyima watasema amelipiza, kwa hiyo yeye hawezi kumpima. Akaweka kalamu chini, akaenda kukaa benchi la nyuma, karibu kabisa na Mama. Kwa pumzi moja nilikuwa nimepoteza pointi za Kiswahili na mtu pekee katika meza ile aliyeuelewa utani wangu.

Hotuba ya Papa Prefe ilitoka kichwani ikaenda kwa mwenyewe. Nilisimama pale mtupu. Wakili akauliza kwa Kifaransa kama habari ya tanuri ni mfano au ni kweli. Nikasema ni kweli, na mwenye tanuri ni yule pale mwenye kitenge. Akauliza: na wewe ulifanya nini? Udongo uwahi ungali maji, husema wafinyanzi, nami nikauwahi. Nikaeleza habari ya matete, kwa Kifaransa changu cha miguu mitupu, bila nguzo wala hazina: mchanga, mtaro, upepo wa kusini. Profesa aliacha kuchora. Akanipa chaki, nikachora ufuko wote ubaoni na kumwonyesha ni wapi maji yalikimbia na kwa nini. Akauliza matete yale niliyatofautishaje, nikalazimika kukiri kwamba yana majina ya walimu. Akataka kujua nani alizama wa mwisho. Nikamtazama Papa Prefe, nikasema ukweli: tete lake ndilo lililokataa kuzama hata maji yalipolifika shingoni. Papa Prefe alishusha bahasha na kukaa wima.

Wakili ndiye aliyeuliza swali la mwisho. Alitaka kujua kama watu waliniamini.

"Hapana, Mama," nilimjibu. "Walikuwa wanacheka. Lakini walikuwa wanacheka huku wanabeba magunia."

Hakucheka yeye. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Matokeo yalisomwa kabla ya chakula. Wakili alitangaza kwanza kwamba nimekatwa pointi kwa sababu ya Kiswahili, kama sheria ilivyotaka, na moyo wangu ukapanda boti. Kisha akasema kwamba hata baada ya kukatwa, wa kwanza ni Feza. Vigelegele vya Mama vilisikika mpaka bandarini, hilo siongezi chumvi, watu wa bandarini waliuliza nani anaolewa. Mama alimgeukia mwenyekiti, akamfungua tai nyekundu shingoni kama fidia ya tanuri, na mzee wa watu akainamisha kichwa ili aichukue vizuri. Papa Prefe aliwaeleza wote waliotaka kusikia kwamba alinitayarisha yeye. Papa yangu alitoka nje, akamkuta rafiki yake mwenye boti aliyekuwa amenishikia nafasi ya safari, na nilimsikia kupitia dirishani: "Ile nafasi ya Zongwe, weka muzigo. Mutoto anabaki."

Sasa niko mwaka wa sita, mtihani wa serikali unaninyemelea. Ziwa limerudi nyuma kidogo, bila kuomba radhi, na Mama amejenga tanuri jipya mlimani, mbali na maji, ingawa anadai mkate wa chini ulikuwa mtamu zaidi. Wakati ule nilidhani burse ni mlango ambao watu wakubwa wanaufungua kwa ndani. Siku hizi Papa Prefe mwenyewe ananitumia watahiniwa wadogo, wanakuja na hotuba zao zenye nguzo, na mimi nawauliza tu: nyumbani kwenu kumetokea nini, na wewe ulifanya nini? Wengi wanashtuka. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Bado nafukuzwa darasani, lakini mara chache, na kwa utaratibu.

Likizo iliyopita nilikwenda Zongwe, kwa hiari yangu. Mke wa mjomba alinipa kisu na beseni la samaki kabla sijakaa, tukafanya kazi tukicheka siku nzima, na nikaona kwamba kijiji kile hakikuwa kimenikosea kitu. Siku ya kurudi kaka yangu alinisindikiza mpaka kwenye boti, amembeba bintiye mabegani. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, hiyo burse wanawapa watoto wa umri gani. Mtoto alikuwa hajaota hata jino. Nikamwambia bado kuna muda, asubiri kwanza binti aanze kuongea. Na akishaanza, asimnyamazishe.